Rangi si Jina la Kitu

Wasomaji, liko neno moja katika lugha yetu lililolemewa na kazi, nalo ni neno rangi. Kitambaa chekundu twasema kina rangi. Unga uuzwao sokoni kwa vijiko ili kutilia ukili wa mikeka, nao ni rangi. Mafuta mazito yaliyomo koponi, ambayo fundi huyapaka mlangoni, ni rangi. Unga utiwao katika keki ya arusi ni rangi. Ngozi ya mtu ina rangi, na jani la mhindi lina rangi. Tena wako walimu, na baadhi yao ni watu wa elimu kubwa, wasemao ya kuwa hapana haja ya kutafuta neno jingine, maana rangi ni rangi tu. Neno hilo nalipinga. Silipingi kwa kupenda ubishi wa maneno, bali kwa kuwa kitu kisichotajwa kwa jina lake huingia nyumbani bila kuulizwa habari zake, na baadhi ya vitu hivi ni sumu.

Rangi ni neno lililotujia kutoka Uajemi na Bara Hindi, na huko nako lilikuwa na maana mbili: lile lionwalo na jicho, na kile kitu kilifanyacho lionekane. Limeshuka chomboni pamoja na utata wake. Washairi wetu walikuwa na neno launi kwa ile maana ya kwanza, lakini launi limebaki vitabuni. Walakini wazee wetu hawakupotea, kwa sababu watu wa kazi hawakuitegemea rangi. Seremala apigaye mstari juu ya ubao alisema ngeu. Mwanamke alisema hina, na wanja. Mwenye nyumba alisema chokaa. Mtia nguo alisema nili, ndiyo iliyotilia kaniki. Mpishi alisema manjano. Kila jina lilitaja kitu, si sura ya kitu. Hata hiyo manjano twaiitayo rangi leo, kwanza ilikuwa mzizi wa kupikia, ndipo tukauazima mzizi jina lake, kama tulivyoazima kahawia kwa kahawa na zambarau kwa tunda lake.

Kisha zikaja pakiti. Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na ndani yake ikatoka rangi ya urujuani iliyoshika hariri vizuri ajabu. Tangu siku ile wataalamu wa kemia wametengeneza maelfu ya vitu vya jinsi hiyo, visivyo na mti wala jiwe nyuma yake ambavyo mnunuzi aweza kuvitaja. Vimefika madukani kwetu vimeandikwa rangi nyekundu, rangi ya buluu, rangi ya kijani, basi. Majina ya vitu yamezikwa, na mtoto wa leo ukimwuliza ngeu ni nini atakutazama tu.

Sasa na tujaribu jambo dogo ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya darasani. Chukua bilauri mbili za maji. Katika ya kwanza tia chembe chache za ule unga wa ukili. Katika ya pili tia ngeu iliyosagwa, na kama huna ngeu, saga kipande cha tofali la kuchoma. Koroga zote mbili, uziache hadi kipindi cha jioni. Bilauri ya kwanza maji yake yote yamegeuka, nayo yapenya mwanga. Hakuna kilichotuama, kwa kuwa unga umeyeyuka. Bilauri ya pili unga umelala chini, na maji yamerudi kuwa maji. Haukuyeyuka, ulielea tu kwa muda.

Hii ndiyo tofauti yote, nayo ni kubwa. Kile cha kwanza huingia ndani ya uzi au ukili pamoja na maji, kikashikamana nao. Kile cha pili hakiingii. Hukaa juu, nacho chahitaji gundi ya kukishika, yaani mafuta, au utomvu, au ute wa yai. Rangi ya kopo si kitu kingine ila unga wa namna hii ya pili uliochanganywa na kishikio chake. Wenye elimu ya mambo haya huuita unga huo pigimenti. Nami nasema neno hili tulipokee, tulitumie, tena tulitumie mahali pake tu. Kile cha kwanza chaweza kuitwa rangi ya kuchovya, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na neno rangi lenyewe tuliachie jicho.

Atakaye kujua nguvu ya pigimenti na aende Kolo, katika nchi ya Kondoa, Tanzania. (Watu wa huko huitwa Warangi, lakini jina hilo halina uhusiano na habari hii.) Juu ya kuta za mawe ziko picha nyekundu za watu na za wanyama, za kale sana, ambazo mwaka 2006 ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Zilichorwa kwa udongo mwekundu, udongo wenye kutu ya chuma, ndugu yake ngeu. Jua limezipiga na upepo umezipiga, nazo zingali zasomeka. Kama wachoraji wale wangalitumia maji ya magome au ya maua, tusingaliona kitu. Kanga yako ikianikwa juani miezi michache hupauka. Udongo wa chuma haupauki, kwa kuwa umekwisha kuwa kutu, wala hauna mahali pengine pa kwenda.

Najua kuna atakayeniambia, Mwalimu, mpaka wako una tundu, tazama nili. Kweli, nili haiyeyuki katika maji, nayo hutia nguo. Lakini ulizeni watia nguo. Hawaitupi nili majini na kuondoka. Huilaza katika pipa pamoja na magadi na vitu vichachavyo, mpaka ile buluu ipotee na maji yawe ya kimanjano au kijani. Hapo imegeuzwa kuwa kitu kiyeyukacho. Nguo huingia katika maji hayo, nayo itolewapo si ya buluu hata kidogo. Hewa ikiigusa ndipo buluu yarudi, imenaswa ndani ya uzi. Basi nili iliyeyuka ilipoingia kazini, na kwa hiyo ni rangi ya kuchovya. Nili ile ile ukiisaga kavu ukaichanganya na mafuta ili kupaka ubao, hiyo ni pigimenti. Na namna nyingine ipo pia: chukua maji ya rangi ya kuchovya, tia shabu na magadi, nawe kwa rangi kadha wa kadha utaona unga ukizaliwa na kutuama. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliishi kwa ujuzi huo. Jina halifuati sura, lafuata jinsi kitu kilivyo na kifanyavyo kazi. Asemaye mpaka hauko kwa sababu vitu vyaweza kuuvuka, na aseme pia kwamba hakuna mlango kwa sababu watu hupita.

Wengine wanalo shitaka jingine: pigimenti ni neno la kigeni. Ni la kigeni kweli. Limetoka katika Kilatini, katika neno la kuchora. Na rangi je? Na kopo? Na meza, na shule, na kitabu, na hilo neno lugha lenyewe? Tukiwafukuza wageni wote, tutabaki tukitazamana bila la kusema. Mimi nalipenda neno hili kwa jambo moja katika historia yake. Zamani za kati huko Ulaya neno hilo la Kilatini lilitumiwa kwa vitu vya kuchorea na kwa viungo vya chakula pia, maana vyote viliuzwa na muuza dawa mmoja. Ndiyo sababu Wahispania waiita pilipili pimienta, na Wareno pimenta. Ni neno lile lile. Kwa hiyo waliotutangulia walipata kuuweka unga wa ukutani na unga wa mchuzini chini ya jina moja, kisha wakaona vema kuyatenga. Sisi twataka kubaki walikotoka wao?

Tena tunao ushahidi wa nyumbani. Zingefuri kwa Waarabu na Waajemi ni jiwe jekundu la ardhini, lililo na zebaki na salfa, ambalo waandishi walilisaga wapate wino mwekundu wa kupambia vitabu. Kwetu sisi zingefuri ni mbegu za mzingefuri, mti uliotoka nchi za joto za Amerika, nazo huliwa. Jina limehama kutoka jiwe la zebaki likakaa juu ya mbegu ya kupikia, na nauli iliyolisafirisha ni moja tu, kwamba vyote viwili ni vyekundu. Hakuna aliyedhurika kwa jina hilo, nadhani, kwa kuwa lilihama kutoka sumu kwenda kwenye chakula. Walakini njia hiyo hiyo hupitwa kinyume.

Imepitwa kinyume katika nchi ya Bangladesh, na hapa nawaomba wasomaji wasome polepole. Watu wa huko, kama sisi, hutumia manjano kila siku, nao hupenda iwe yenye kung'aa. Kuna unga mwingine wa kimanjano, mkali kuliko mzizi wowote, utengenezwao kwa risasi na kromiamu. Kazi yake ni rangi za kopo, na huko huitwa peuri. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya wenye kukausha manjano walikuwa wakiipaka mizizi unga huo ili mzizi uliofifia upendeze sokoni. Neno la Kibengali kwa rangi ni rong. Ni ndugu wa neno letu, baba mmoja. Mambo yaliendelea hivyo miaka na miaka, mpaka wataalamu waliokuwa wakitafuta kwa nini damu ya wanawake waja wazito vijijini ina risasi walipoifuata njia hadi jikoni. Waliyoyaona yalitangazwa mwaka 2019. Mwaka huo manjano iliyopimwa masokoni, karibu nusu ilikuwa na risasi. Serikali ikabandika matangazo, ikaingia soko la Shyambazar mjini Dhaka ikawatoza wafanyabiashara faini, na mwaka 2021 walipopima tena hawakuona hata fungu moja lenye risasi. Angalieni muda huo. Ubaya wa miaka zaidi ya 30 uliondoka sokoni kwa miaka miwili, baada ya kitu kuitwa kwa jina lake.

Manjano ya mzizi na manjano ya risasi ni rangi moja kwa jicho. Moja ni chakula. Nyingine ni pigimenti. Na mtu asijifariji akisema kwamba kisichoyeyuka kitapita tumboni kama mchanga. Maji ya bilauri si maji ya tumbo. Tindikali ya tumbo huiyeyusha sehemu yake, na risasi ikiisha kuingia katika damu hukaa mifupani miaka mingi. Kwa mtoto hupunguza akili, nayo haimrudishii. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama.

Risasi hiyo hiyo i koponi. Weupe wa risasi, wekundu wa risasi utiwao juu ya chuma kuzuia kutu, umanjano wa risasi niliokwisha kuutaja, zote ni pigimenti za kale na zilipendwa kwa uimara wake. Ubaya wake ulijulikana mapema. Mwaka 1921 wajumbe wa mataifa katika mkutano wa Shirika la Kazi, Geneva, waliafikiana kuzuia weupe wa risasi katika kupaka ndani ya majengo, kwa ajili ya mafundi. Marekani ilingoja hata 1978 kuikataza rangi ya risasi majumbani. Leo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lazishauri nchi ziweke mpaka wa sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi ya kopo. Lakini mlango uliopakwa zamani haukusoma sheria. Magamba yake huanguka, mtoto huokota, na magamba ya risasi yana utamu kidogo ulimini. Mwambie mama, rangi inabanduka, atadhani ni jambo la uzuri wa nyumba. Mwambie, pigimenti ya risasi inaanguka sakafuni, atachukua kitambaa chenye maji na kumwita mtoto.

Nisieleweke vibaya. Wako pia wale waliolipata neno hili majuzi na sasa walitia kila mahali. Kwao hata maji ya hina ni pigimenti, na soda ya dukani ina pigimenti. Hao hawasaidii, wamebadili kifuniko tu, chungu ni kile kile. Wala pigimenti si jina jingine la sumu. Ngeu ni pigimenti, na chokaa, na masizi ya chungu, nazo hazina risasi. Na rangi ya kuchovya si salama kwa sababu imeyeyuka. Mwaka 2005 huko Uingereza vyakula vya aina zaidi ya 400 viliondolewa madukani kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa kitu kiitwacho Sudan ya kwanza, nacho ni rangi iyeyukayo katika mafuta, iliyofanywa kwa ajili ya nta na dawa ya viatu. Na ule unga wa ukili wa sokoni kwetu, uyeyukao vizuri hivyo, haukutengenezwa kwa ajili ya sharubati ya watoto, ingawa wako wauzaji wasioona tofauti. Jina sahihi halimalizi uchunguzi. Huuanzisha.

Neno hili lina mahali pamoja zaidi ambapo lakosekana, napo ni mwilini mwetu. Katika ngozi ya kila mtu mwili hutengeneza chembechembe za melanini, nayo ni pigimenti, ngao ya mwili mbele ya jua. Haikupakwa, haioshwi. Vitabu vingi vyasema rangi ya ngozi na kuachia hapo, na matokeo yake ni mawili, yote mabaya. La kwanza, twamwita ndugu yetu mwenye ualbino mtu asiye na rangi, kana kwamba amepungukiwa na utu. Rangi anayo, kila aonekanaye anayo. Kilicho kidogo kwake ni melanini, na kwa hiyo ahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kumkinga na saratani ya ngozi, wala hahitaji hadithi zetu. La pili ni mkorogo. Mwanamke husikia kwamba dawa hii yang'arisha rangi, naye aona ni kama kusugua sufuria. Lau kama angeambiwa kwamba dawa hii yauzuia mwili wake kutengeneza pigimenti yake, tena baadhi huzuia kwa zebaki ambayo huharibu mafigo, angefikiri mara mbili kabla ya kufungua mfuko wake. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha sabuni na mafuta ya namna hiyo yenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Mapatano hayatembei mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha muuza vipodozi.

Basi nataka nini? Kwa waandishi wa vitabu vya shule: mtoto wa darasa la sita aonyeshwe zile bilauri mbili, na afundishwe kusema pigimenti hii, pigimenti hizi, bila kuona haya. Kwa watengenezaji wa rangi za kopo: andikeni juu ya kopo, kwa Kiswahili kisomekacho, ni pigimenti gani iliyomo, wala msitosheke na picha ya nyumba nzuri. Kwa walimu wenzangu wapendao kusema rangi ni rangi tu, nimekwisha kuwajibu.

Na kwa anunuaye unga sokoni, mwulize muuzaji mambo mawili: unga huu ni kitu gani, nao ulitengenezwa kwa kazi gani? Akikujibu ya kwamba ni rangi ya manjano, hilo hata wewe ulikuwa unaliona. Mwulize tena. Asipokuwa na jibu jingine, mwachie unga wake.